Pedi Alizoziacha Riyadh

Mume wangu, Elphas Namasaka, hakutoroka kazi. Hakuiba mali ya kampuni, hakuwa mlevi, na hakufia chumbani kwa mwanamke. Nayaandika haya mwanzoni kwa sababu kuna watu hapa Misikhu, na wengine Nairobi, ambao wamekuwa wakisimulia vingine tangu tulipomzika. Baadhi yao walianza siku ya mazishi yenyewe, sahani zangu zikiwa mikononi mwao. Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Nilikuwa Riyadh wakati huo wote, na Jeddah nilifika. Wao walikuwa hapa.

Elphas alikuwa kipa wa mpira wa magongo. Watu wa kwetu wakisikia kipa hufikiria kandanda, kwa hiyo naomba msomaji aone mtu mwingine: amevaa pedi nene kuanzia vidole vya miguu hadi mapajani, kofia yenye wavu wa chuma usoni, amesimama mbele ya lango dogo, na mpira mgumu kama jiwe unamjia kutoka kwenye gongo la mtu mwenye nguvu. Ukimpata mahali pasipo na pedi huvunja mfupa.

Aliingia langoni kwa bahati tu. Chuoni, alikokuwa akisomea diploma ya kilimo, kipa wa timu alishikwa na homa ya matumbo wiki ya mashindano, na kocha akatafuta kijana mwenye mikono mirefu kuliko wenzake. Kipa yule alipopona hakuipata tena nafasi yake. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa ualimu katika chuo kikuu jirani. Siku moja nilikwenda na wenzangu uwanja wa City Park, nikamwona kipa mmoja anavua kofia, jasho linamtiririka, anamwambia mwamuzi kwa upole, "Lile halikuwa goli, mkubwa, lakini liandike tu. Mengine nitayazuia."

Nilicheka, naye akageuka kutazama aliyecheka. Tulioana kanisani miaka mitatu baadaye, kwa mahari kamili na mbele ya wazee wa pande zote mbili. Hilo nalo naliandika kwa sababu nimesikia likitiliwa shaka.

Kulikuwa na desturi moja ya makipa wa vyuo ambayo lazima niieleze, kwa maana ndiyo iliyomwangamiza. Kipa mzuri ni adimu, kwa hiyo timu ziliazimana makipa. Hapakuwa na mkataba wowote. Kocha alimwita kipa mbele ya wenzake, akasema, "Nenda ukawasaidie, urudi," na neno hilo likatosha. Kipa aliyeazimwa aliziacha pedi zake kwenye stoo ya timu yake, zimetundikwa ukutani, na huko aendako akavaa za wenyeji. Pedi zikibaki ukutani, kila mtu anajua mwenyewe anarudi. Kipa akionekana anatoka na pedi zake mgongoni, timu inajua imempoteza, na wenzake wanamsindikiza kwa matusi hadi barabarani. Elphas aliazimwa mara nyingi na hakuna siku aliyotoka na pedi zake.

Baada ya chuo aliitwa mchezaji wa kulipwa, jina kubwa kuliko jambo lenyewe. Timu ya shirika moja la umma ilimwandika karani wa stoo ili awe kipa wao. Shirika lilipopunguza watu, timu ndiyo iliyokatwa kwanza, na karani pamoja nayo. Akaenda kwenye timu ya Kalasinga wa Parklands waliompa nauli na chakula. Kisha benki moja ikamchukua kuwa tarishi. Kisha Mombasa, mlinzi wa ghala mchana na kipa jioni. Kila mahali walimpenda hadi msimu uishe. Magoti yake yalikuwa yameanza kulia akipanda ngazi, na hakuna aliyekuwa tayari kuajiri diploma ya kilimo ya mtu wa umri ule ambaye hajawahi kushika jembe la mshahara. Mimi nilikuwa nikifundisha Kitale. Mtoto wetu, Allan, alikuwa kwa mama yangu.

Mwaka wa 2012 mawakala walikuwa wamejaa Nairobi, wakitafuta walinzi, madereva na wasichana wa kazi za nyumbani wa kupeleka Saudia. Elphas alipanga foleni kwenye ofisi moja ya ghorofa ya tatu, na wenzake wote waliulizwa urefu, umri na kama wana ndugu huko. Alipofika yeye wakala alitazama fomu akapiga simu, kisha akamwambia, "Wewe, pandisha suruali."

"Nipandishe suruali?"

"Bosi anataka kuona miguu. Amesikia wewe ni kipa wa hoki. Anasema kipa ambaye miundi yake haina makovu ni mwongo."

Elphas akapandisha suruali. Makovu yalikuwa mengi kiasi kwamba wakala aliita mwenzake aje atazame. Wiki chache baadaye alisafiri. Viza ilisema mlinzi, na mlinzi alikuwa kweli, kwenye lango la kambi ya wafanyakazi ya kampuni moja ya usafi na ulinzi, kusini mwa Riyadh. Lakini Ijumaa kampuni zilishindana kwa magongo, kwa sababu Wapakistani na Wahindi wengi walikuwa huko na huo ndio mchezo wao, na meneja wa kambi, Mhandisi Salem, alikuwa Msaudi asiyependa kushindwa na kampuni ya jirani. Pedi alizotoka nazo nyumbani zilikuwa zake mwenyewe, za tangu chuoni. Mikanda yake niliishona mimi kwa mkono wangu.

Mimi nilifika Riyadh mwaka wa 2014, kufundisha shule ya kimataifa mtaa wa Malaz. Sikuletwa na wakala. Niliomba kazi, nikahojiwa, nikaipata. Nyumba ya walimu wa kike haikuruhusu mwanamume kuvuka lango, hata awe mume mwenye cheti cha ndoa, kwa hiyo Ijumaa mchana, baada ya mchezo, Elphas alikuja kunitembelea sebuleni kwa majirani zetu, Muhsin na mkewe Badriya. Wazazi wao walitoka Unguja mwaka wa 1964, na watoto wao ni watu wa Riyadh kabisa, lakini mle ndani Kiswahili kilikuwa cha Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, na pilau ilikuwa ya Ng'ambo.

Bi Badriya alikuwa akimtania kila akivua viatu. "Hebu tazama miguu hii, Muhsin. Mwalimu, mumeo umempata wapi? Huyu kaliwa na papa akatemwa."

"Papa aliuliza nani ameshona mikanda ya pedi zangu," Elphas akajibu. "Nilipomwambia ni Mwalimu, akaniachia mwenyewe."

Aliniita Mwalimu mbele ya watu. Tukiwa wawili aliniita jina ambalo halihusu habari hii.

Aliniambia mambo ya lango. Aliniambia jinsi unavyomjua mfanyakazi anayetoroka: si yule mwenye mzigo. Mwenye mzigo anakwenda likizo, na karatasi anayo mkononi. Anayetoroka hutoka mikono mitupu kama mtu anayekwenda dukani, na kitandani ameacha sanduku, blanketi na viatu vya Ijumaa, ili asishukiwe. "Vitu vilivyobaki ndivyo vinavyokuambia," alisema. Nakumbuka alikuwa akimenya chungwa.

Mwaka wa 2016, baada ya Idi ya pili, rafiki mmoja wa Mhandisi Salem, mwenye timu huko Jeddah, alipoteza kipa, Mpakistani aliyekwenda kwao likizo na hakuonekana kurudi. Mashindano ya kampuni yalikuwa karibu. Salem akamwita Elphas uwanjani mbele ya timu yote, akamwambia aende akawasaidie, kisha arudi. Elphas alinieleza Ijumaa hiyo sebuleni kwa Muhsin, amefurahi kama kijana.

"Umepewa barua?" nikamuuliza.

"Mwalimu, amesema mbele ya watu kumi na mmoja. Tanvir nahodha alikuwapo. Pedi zangu nimezitundika stoo mwenyewe, na Tanvir ameziona."

Muhsin, ambaye amefanya kazi za ofisi za huko tangu ujana, aliweka kikombe chini. "Babu wee, hapa si Nairobi. Ikama yako, kibali chako cha kukaa, ina jina la kafili mmoja, mwajiri aliyekuleta. Ukionekana unafanya kazi kwa mwingine, wewe ndiye mwenye kosa, wala si yeye."

"Sifanyi kazi, Mzee Muhsin. Nacheza mpira."

"Nani atajua tofauti?"

"Salem anajua," Elphas alisema, na kwake hilo likawa jibu. Alikuwa amekwenda hivyo maisha yake yote, kwa neno la mkubwa wa timu, na neno hilo halikuwahi kumwangusha.

Jeddah alikaa kwa Duncan, Mkenya kutoka Nakuru, dereva wa lori la kuku wa barafu na beki wa timu ile. Chumba kilikuwa kwenye nyumba kuukuu Al-Mahjar, ghorofa ya pili, Wakenya wanaume upande mmoja wa ukumbi na wanawake upande wa pili, na jiko katikati. Wanawake wengi walikuwa wametoka kwenye nyumba za waajiri bila ruhusa. Sellah, mwenyeji wa Kisii, alikuwa ameondoka nyumba moja ya Al-Rawdah baada ya madam kumfungia ndani kipindi kirefu. Hakuwa na karatasi, akawa anafua nguo za watu na kupika. Huyo Sellah nitamrudia.

Kwa desturi ile, Elphas alifika mikono mitupu akitarajia pedi za wenyeji. Wenyeji hawakuwa nazo. Kipa wao aliondoka nazo, kama mtu asiyerudi. Wakamtafutia pedi za kriketi, ambazo Wapakistani hawakosi. Pedi ya kriketi hukinga muundi na goti, lakini mguu kuanzia kifundo hadi vidoleni huuacha wazi, maana katika kriketi miguu ina kazi nyingine. Duncan alimwambia asicheze.

"Mzee, hizi ni za kuvaa ukipiga picha. Mpira ukishuka chini utakukata."

"Basi wewe kazi yako ni nini? Uzuie usishuke."

Mechi ya pili ulishuka. Ulimpiga juu ya mguu, chini kidogo ya kifundo, kiatu kikapasuka na ngozi pia. Alimaliza mechi. Walishinda. Sellah akamwoshea kwa maji ya chumvi, na Elphas akasema kidonda cha kipa hukauka chenyewe.

Hakikukauka. Mguu ulianza kuvimba, akaenda zahanati ya mtaani na ikama yake mfukoni. Karani aliingiza namba kwenye kompyuta, akasoma, akamtazama, akasoma tena. Kisha akasema neno moja: huruub. Kila mfanyakazi wa Saudia analijua neno hilo na analiogopa. Maana yake kafili wako ameripoti serikalini kwamba umetoroka, na tangu dakika hiyo ikama yako haifai kitu. Hospitali haikupokei, basi halikupakii, na askari akikusimamisha unakwenda kuzuiliwa. Elphas aliichukua ikama yake mezani, akamshukuru karani, akatoka akichechemea.

Alinipigia simu nikiwa chumba cha walimu. Hakupandisha sauti. "Mwalimu, wameniandika mtoro."

"Nani?"

"Kampuni. Salem amehamishiwa Dammam. Kuna meneja mpya, mudiri wanavyomwita. Alihesabu vitanda, akakuta changu hakina mtu."

Kafili aliyeweka ripoti ya namna hiyo ana muda mfupi wa kuifuta yeye mwenyewe, chini ya mwezi. Ukipita, hushika, na kuing'oa ni kazi ya miezi ya kwenda ofisi za serikali. Kwa hiyo mambo mawili yalikuwa yakikimbizana, muda ule na mguu wake. Nilikuwa na hakika ya kushinda. Sikuwa nimewahi kushindwa na ofisi.

Muhsin alinipeleka kwa mudiri mpya kwa gari lake, Bi Badriya akiwa kiti cha nyuma pamoja nami. Tulimkuta kijana msafi, mwenye adabu, ofisi inanukia udi. Muhsin alieleza kwa Kiarabu habari yote: mpira, Jeddah, neno la Salem, na desturi ya pedi. Mudiri alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamtuma mtu stoo, na pedi za mume wangu zikaletwa, zikawekwa juu ya meza, mikanda niliyoishona ikining'inia.

"Hizi ndizo nilizozikuta," Muhsin akanitafsiria. "Na sanduku, na blanketi, na viatu vizuri. Anasema mtu anayekwenda na kurudi hubeba vitu vyake. Anayeacha kila kitu ametoroka. Anasema hata mlinzi wa lango anajua hivyo."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia sebuleni kwa Badriya, kutoka kwenye kinywa cha mlinzi mwenyewe.

"Mwambie zimeachwa kwa sababu anarudi," nikasema.

Muhsin akamwambia. Mudiri akatabasamu, si kwa dharau. Alisema basi na arudi. Asimame pale mbele yake, naye ataifuta ripoti saa hiyo hiyo. Muhsin akamwambia mtu mwenye huruub hawezi kupanda basi wala ndege, na barabara ya Jeddah hadi Riyadh ina vizuizi vya askari. Aifute kwanza, mtu aje. Mudiri akasema aje kwanza. Wakazungushana hivyo mpaka adhana ikaadhiniwa, akainuka kwenda kuswali, nasi tukainuka.

Garini Bi Badriya alinishika mkono. "Mwanangu, huyu kijana si mbaya. Kaogopa tu. Mtoro akishikwa kwa mwingine, yeye ndiye ataulizwa."

"Najua," nikasema. Nilikuwa najua, na haikunisaidia.

Mwishoni mwa juma nilipanda ndege na Bi Badriya, aliyekuwa na dada yake Jeddah. Nyumba ile ya Al-Mahjar ilikuwa na ngazi nyembamba na harufu ya dawa ya kuua mende. Elphas alikuwa ameketi kwenye godoro, amevaa shati safi, amenyoa. Mguu ulikuwa juu ya mto. Sitauelezea, ila kwamba wekundu ulikuwa umepanda hadi chini ya goti, na joto lake ulilihisi kabla ya kuugusa. Sellah alikuwa na beseni. Aliponiona alisimama akasema, "Karibu, Mama Allan," akatoka na kuufunga mlango nyuma yake.

Duncan alikuwa na mpango. "Mama Allan, sikiliza. Kesho napeleka kuku Riyadh. Nyuma ya lori kuna nafasi kati ya katoni na mlango. Tunamvalisha makoti mawili. Kwenye vizuizi wananijua, wanafungua mlango, wanaona kuku, yalla. Asubuhi yuko kwa huyo mudiri."

"Na wakimwona?" nikauliza.

"Wakimwona tumekwisha wote wawili. Lakini hawamwoni. Mimi nimepitisha watu."

Elphas alicheka, mara ya mwisho niliyomsikia akicheka. "Kumbe baridi itanifaa mguu."

"Si utani, mzee."

"Najua si utani. Duncan, mtu anayesafiri nyuma ya kuku ni mtoro. Mimi nimewahesabu watoro miaka minne langoni. Nikishikwa mle ndani, yule mudiri atakuwa amesema kweli, na mke wangu atakuwa amekwenda ofisini kwake kusema uongo. Sitaingia."

Duncan akanigeukia. "Mama Allan, mwambie. Wewe atakusikia."

Nilimwambia Duncan kwamba mume wangu ameshasema. Nilikubaliana naye siku ile na nakubaliana naye leo. Wapo wanaosema kwamba kiburi chetu ndicho kilichomuua. Hao waniambie wangewajibu nini watoto wao kama angekutwa na askari amejikunja katikati ya kuku wa barafu.

Njia iliyobaki ilikuwa Salem. Namba yake ya zamani haikuita, na watu wa Dammam walisema yuko likizo nje ya nchi. Muhsin alimtafuta kwa kila aliyemjua, siku baada ya siku, na mimi nilifundisha mito na milima asubuhi na kupiga simu mchana. Elphas alikuwa akisema mguu uko vilevile. Duncan, nikimwuliza peke yake, alikuwa akisema, "Mama Allan, uje." Muda wa kuifuta ripoti ulikuwa umebaki kidogo sana Salem alipopatikana, Kairo, kwa ndugu wa mke wake.

Nataka ijulikane kwamba Mhandisi Salem alikuwa mtu wa neno lake. Hakutaka kusikia maelezo mengi. Alisema, "Elphas? Nilimtoa mimi," akakata simu, akampigia mudiri. Alasiri ile ile Muhsin alikuja kusimama nje ya lango la nyumba ya walimu, akaniita niteremke. "Halas," alisema. "Imefutwa. Nimeiona mwenyewe kwenye kompyuta ya yule kijana. Mumeo hana huruub."

Nilimpigia Elphas. "Baba Allan, jina lako limesafishwa. Nenda hospitali sasa hivi."

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi naomba shati langu," akasema, akimwambia mtu aliyekuwa chumbani. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa.

Duncan alikuwa njiani na lori lake. Wanaume wengine walikuwa kazini. Ni Sellah aliyemteremsha ngazi zile, akasimamisha teksi, akaingia nayo hadi hospitali, yeye ambaye hakuwa na karatasi yoyote na aliyekuwa hajatoka mtaa ule tangu aufikie. Alimkabidhi kwa wauguzi, akatoa ikama ya Elphas, wakaingiza namba, wakaona safi, wakampokea. Mlinzi wa mlango akamwuliza Sellah ikama yake mwenyewe iko wapi. Alizuiliwa siku hiyo hiyo na baadaye akarudishwa Kenya. Hiyo ndiyo habari ya mwanamke aliyekutwa naye. Hapakuwa na chumba, kulikuwa na mlango wa hospitali, mchana, watu wakipita.

Madaktari walisema sumu ilikuwa imekwisha kuingia kwenye damu. Walikata mguu chini ya goti, na haikusaidia. Nilifika kesho yake, nikamkuta amelala na mirija, akafumbua macho mara moja akanitambua. Alitaka kujua kama pedi zake bado ziko stoo. Nikamwambia ziko, zimetundikwa. Alikufa asubuhi ya Jumanne. Kwenye cheti cha kifo kuna jina lake kamili na namba ya ikama halali, na jina la kafili wake wa Riyadh, ambaye Elphas alikuwa hajamwacha. Ndiyo maana mwili haukucheleweshwa kama inavyocheleweshwa miili ya wengine.

Kabla sijasafiri na mwili nilirudi kwa mudiri. Alisimama nilipoingia. Alikuwa amezifunga pedi kwenye mfuko mpya wa nailoni, akanipa kwa mikono miwili, akasema maneno ya kumwombea Elphas rehema. Muhsin alinitafsiria, lakini nilikuwa nimeelewa. Nikamshukuru. Sikulia mbele yake.

Pedi zilikuja nami kama mzigo wa mkononi. Siku ya mazishi makipa wa zamani wa chuo waliziona nimezitundika ukutani sebuleni, na hao hawakuhitaji kuelezwa. Mmoja, Jeremiah, aliyekuwa akiazimwa zamani pamoja naye, alisimama mbele ya pedi hizo muda mrefu na kofia mkononi. Wengine waliona pedi, wakauliza kwa nini mjane amerudi na mali ya kampuni. Nimekwisha kuwajibu.

Sellah alikuja. Alikuwa amerudishwa na mfuko mmoja wa plastiki, akapanda gari kutoka Kisii hadi hapa bila mtu kumwita, akakaa nyuma kabisa, chini ya turubai la watu wa jikoni. Wanawake wakaanza kunong'ona na kumtazama tumbo. Nilikwenda nikamshika mkono, nikampitisha katikati yao wote, nikamkalisha kiti cha mbele, karibu na changu.

Tangu siku hiyo naulizwa kwa nini. Nimeulizwa na shemeji zangu, na wazee wa kanisa, na watu ambao sikuwahi kuwaalika nyumbani. Kiti kile kilikuwa mali yangu na nilimpa. Sina maelezo mengine, na anayeyasubiri aache kusubiri.